Miguu Isiyotulia: Maradhi Yaliyokosa Kusadikiwa

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo naomba tuichukue methali hiyo kwa maana yake ya karibu kabisa, yaani kitanda chenyewe, usiku wenyewe, na mtu aliyejinyoosha juu yake akashindwa kulala. Nitazungumza juu ya maradhi yanayoitwa miguu isiyotulia. Nitayazungumza kama historia, kwa sababu somo hilo ndilo nililolifundisha kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na pia kwa sababu kitanda hicho nakilalia mimi mwenyewe. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu niambiwe kuwa nina ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao kwa kifupi huitwa MS. Miguu isiyotulia ni mgeni aliyekuja nyuma yake, akabisha hodi usiku, akaingia bila kukaribishwa.

Kwanza tuelewane juu ya maradhi haya mawili, maana wengi hawajapata kuyasikia.

MS ni ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Mishipa yetu ya fahamu imefunikwa kwa ala ya mafuta iitwayo maielini, kama vile waya wa umeme unavyofunikwa kwa plastiki. Katika MS, askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu, hugeuka wakaishambulia ala hiyo. Mahali palipochunika hubaki kovu, na habari zinazopita hapo huchelewa, hupotea, au hufika zimeharibika. Mgonjwa mmoja huona ukungu katika jicho, mwingine hufa ganzi upande mmoja, mwingine mguu humwia mzito kama gogo, na wengi wetu huchoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 na shirikisho la kimataifa la vyama vya wagonjwa wa MS ilikuwa watu 2,800,000 duniani kote. Katika nchi zetu za joto ni wachache kuliko Ulaya ya kaskazini, lakini tupo.

Miguu isiyotulia nayo ni jambo jingine. Si maumivu hasa. Ni hamu ya kuitikisa miguu, tena hamu isiyo na hiari, pamoja na hisia mbaya ambayo kila mtu huitafutia mfano wake. Wengine husema ni kama siafu wanaopanda ndani ya mfupa, wengine kama maji yanayotokota chini ya ngozi, wengine kama mtu anayevuta uzi ndani ya muundi. Huja jioni na usiku. Huja mtu anapoketi au kulala. Akisimama na kutembea huondoka, na akirudi kitandani nayo hurudi. Ukimtazama mgonjwa huoni uvimbe, huoni jeraha, wala homa hana. Unachokiona ni mtu mzima anayezunguka chumbani saa nane za usiku. Ndiyo maana historia ya maradhi haya ni historia ya kusadikiwa na kutosadikiwa.

Mtu wa kwanza tunayemjua kuyaandika waziwazi ni tabibu Mwingereza, Thomas Willis, aliyezaliwa mwaka 1621 na kufariki mwaka 1675. Huyu hakuwa tabibu mdogo. Mwaka 1664 alichapisha kitabu juu ya maumbile ya ubongo, ambacho baadhi ya michoro yake ilichorwa na Christopher Wren, yule yule aliyekuja kulijenga kanisa kuu la St Paul's mjini London. Duara la mishipa ya damu lililo chini ya ubongo linaitwa kwa jina la Willis hata leo. Basi mwaka 1672 alitoa kitabu kingine, kwa Kilatini, na humo akaeleza habari za watu ambao kila wakipanda kitandani, mikono na miguu yao huanza kurukaruka na kuvutika, wakahangaika na kujigeuza, wasiweze kulala kama vile wangekuwa wametiwa mahali pa mateso makubwa kabisa.

Naomba tulitazame neno hilo la mateso. Willis alikuwa na nadharia yake, kwamba ndani ya mishipa ya fahamu hupita roho fulani nyepesi na kwamba roho hizo zikichafuka, viungo huruka. Nadharia hiyo imekwisha kufa na kuzikwa. Lakini habari aliyoiandika juu ya wagonjwa ingali hai, kwa sababu aliwasikiliza na kuwasadiki. Anasimulia habari za bibi mmoja wa tabaka la juu aliyekuwa akinyimwa usingizi na hali hiyo, akampa dawa yenye afyuni kwa muda wa karibu miezi mitatu, na bibi huyo akapata kulala. Hakumwambia kwamba anajidekeza. Na dawa za jamii hiyo, miaka zaidi ya 350 baadaye, bado hutolewa na madaktari kwa uangalifu mkubwa pale ambapo dawa nyingine zote zimeshindwa.

Baada ya Willis ulipita muda mrefu ambao maradhi haya hayakupata mtetezi wa kiasi chake. Wakati huo huo, maradhi yangu ya kwanza, yaani MS, yalikuwa yakitafuta jina.

Tunayo kumbukumbu moja ya ajabu kutoka zama hizo. Mwezi Desemba mwaka 1822, kijana wa Kiingereza aitwaye Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu, alihudhuria mazishi huko Scotland. Muda mfupi baadaye macho yake yaliingia ukungu, hata ikabidi asomewe barua zake na kuandikiwa majibu. Yakapona yenyewe. Kisha yakarudi, kisha ikaja ganzi, kisha miguu ikakosa nguvu. D'Este aliandika kila kitu katika daftari lake mwaka hadi mwaka. Waganga wake, ambao hawakuwa na jina la ugonjwa huo, walimwagiza mambo mengi, ikiwa ni pamoja na kula nyama ya ng'ombe mara mbili kwa siku na kunywa mvinyo. Alifariki mwaka 1848. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1948, na madaktari walioisoma habari hiyo wakatambua kwamba ni MS kutoka ukurasa wa mwanzo. Mgonjwa alikuwa ameieleza vizuri kabla ya sayansi kuwa na masikio ya kumwelewa.

Jina lilikuja mwaka 1868, mjini Paris, katika hospitali kubwa ya Salpêtrière. Hapo alikuwapo daktari Jean-Martin Charcot. Hospitali hiyo ilikuwa na maelfu ya wanawake maskini na wagonjwa wa muda mrefu, na Charcot aliwachunguza wakiwa hai, kisha wakifa aliwapasua na kutazama ubongo na uti wa mgongo. Akakuta makovu, akayaunganisha na dalili alizoziona wakati wa uhai wao, akaupa ugonjwa jina lake. Kazi hiyo ni kubwa na sisi wagonjwa wote tunamshukuru. Lakini ziangalieni zile dalili tatu zilizopata umaarufu kwa jina lake: macho yanayochezacheza, mkono unaotetemeka unapotaka kushika kitu, na maneno yanayotoka yamekatwakatwa. Zote tatu ni dalili ambazo daktari anaziona au anazisikia akiwa amesimama mlangoni. Yale ambayo mgonjwa peke yake ndiye anayeyahisi, kama vile uchovu, mwasho, kuungua, na miguu inayodai kutembea usiku, hayakupata nafasi katika orodha hiyo mashuhuri.

Na katika miaka hiyo hiyo, watu wenye miguu isiyotulia walikuwa wakipewa majina ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1861 daktari Mjerumani, Theodor Wittmaack, aliieleza hali hiyo akaiita kwa Kilatini wasiwasi wa miundi, akaihesabu miongoni mwa mambo ya histeria, yaani mhemko wa akili uliodhaniwa kuwa ni wa wanawake zaidi. Karibu mwaka 1880, Mmarekani George Beard aliitia ndani ya kapu kubwa aliloliita udhaifu wa neva, kapu ambalo lilimeza kila kitu kuanzia kuumwa kichwa mpaka kukosa hamu ya kazi. Kwa hiyo mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya miguu aliambiwa, kwa lugha ya kitaalamu, yale yale ambayo jirani yangu aliniambia mimi kwa Kiswahili: "Mzee, punguza mawazo."

Ndugu msikilizaji, ukombozi ulitoka Sweden. Wakati Ulaya inawaka moto wa Vita Kuu ya Pili, Sweden haikuwamo vitani, na mjini Stockholm alikuwapo daktari wa mishipa ya fahamu, Karl-Axel Ekbom, aliyezaliwa mwaka 1907. Ekbom alifanya jambo ambalo linaonekana dogo. Aliwauliza watu. Aliwauliza wagonjwa wake kinachowasumbua usiku ni nini, kinaanza saa ngapi, kinaondoka wakifanya nini, na ndugu zao wanacho au hawana. Mwaka 1944 alitoa maelezo ya kwanza, na mwaka 1945 akachapisha kitabu kizima, akakipa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni miguu isiyotulia. Jina hilo ndilo linalotumika mpaka leo. Halimtuhumu mgonjwa, na halisemi kwamba ni mawazo. Linasema tu kile mgonjwa alichosema.

Alipowauliza hata watu waliohesabiwa kuwa wazima, Ekbom alikadiria kwamba watu kama 5 katika kila 100 wanayajua maradhi haya. Fikirini jambo hilo. Kitu kilichokaa katika kapu la histeria kilikuwa kimeenea mitaani, na watu hawakukisema kwa sababu hapakuwa na wa kuwauliza. Aidha alitambua kwamba kinakwenda pamoja na uja uzito na upungufu wa madini ya chuma katika damu. Mwaka 1953, Msweden mwingine, Nordlander, aliwadunga wagonjwa madini ya chuma kwenye mshipa, na karibu wote wakapata nafuu. Tena akasema neno ambalo nitaliomba mlikumbuke: kwamba mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha, na bado akapungukiwa na chuma ndani ya mwili.

Historia iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1982, daktari Mturuki, Akpinar, alieleza kwamba dawa ya levodopa, ambayo hupewa wagonjwa wa Parkinson, huituliza miguu isiyotulia. Hapo ikajulikana kwamba kemikali ya ubongo iitwayo dopamini inahusika. Mwaka 1995, wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya maswali manne ya kuyatambua maradhi haya. Je, unapata hamu ya kuitikisa miguu pamoja na hisia mbaya? Je, inaanza au kuzidi unapopumzika? Je, inapungua ukitembea? Je, ni mbaya zaidi jioni na usiku? Baadaye walitia la tano, la kuhakikisha kwamba si kitu kingine kinachofanana nayo, kama vile kubanwa na misuli. Ni maswali tu, ndugu zangu. Hayahitaji mashine wala umeme, yanahitaji daktari wa kuyauliza.

Mwaka 1996 huko Baltimore, Marekani, ilionekana kwamba kwa wengi waliotumia levodopa, miguu ilianza kusumbua mapema zaidi mchana na kwa nguvu zaidi, yaani dawa ilikuwa ikiuchochea moto ule ule ilioletwa kuuzima. Hatari hiyo ilionekana pia katika dawa mpya zilizofuata za jamii hiyo. Ndiyo sababu miongozo ya chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani iliyochapishwa mwaka 2025 haiziweki tena mbele, bali inaanza na kupima akiba ya chuma, na inapendekeza dawa za aina nyingine. Miaka zaidi ya 70 baada ya Nordlander, chuma kimerudi mwanzoni mwa mstari.

Sasa tuyakutanishe maradhi mawili. Je, mtu mwenye MS akisumbuliwa na miguu isiyotulia ni bahati mbaya tu? La hasha. Mwaka 2008 madaktari wa Italia walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa MS 861, wakilinganishwa na watu 649 wasiokuwa nao. Miguu isiyotulia ilipatikana kwa 19 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na kwa 4 hivi katika kila 100 wa kundi la pili. Wataliano hao pia walionyesha, kwa kutumia mashine ya MRI, kwamba uhusiano huo unakwenda na madhara katika uti wa mgongo sehemu ya shingo. Maelezo yanayofikiriwa ni kwamba ubongo hutuma amri za kuituliza miguu kwa njia inayoteremka ndani ya uti wa mgongo, na kovu likikaa katika njia hiyo, amri hazifiki.

Tazameni basi miaka. Willis aliandika mwaka 1672, Charcot alitoa jina mwaka 1868, Ekbom alitoa jina mwaka 1945, na maradhi haya mawili hayakuhesabiwa pamoja kwa idadi kubwa namna hiyo mpaka ilipofika 2008. Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Jibu langu ni kwamba ugonjwa mkubwa humeza ule mdogo. Mtu akishapewa jina zito kama MS, kila anachokisema baada ya hapo hutiwa ndani ya jina hilo. Akisema amechoka, ni MS. Akisema haoni vizuri, ni MS. Akisema miguu haimpi usingizi, ni MS hiyo hiyo, na faili linafungwa.

Mimi nalijua faili hilo. Katika hospitali moja, ambayo jina lake nalihifadhi, nilieleza habari za miguu yangu kwa tabibu aliyekuwa akiandika bila kuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Mzee, hiyo ndiyo MS. Izoee." Nikaizoea kwa miaka miwili. Nilizoea kusimama nyuma kanisani ili nipate kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu huu. Nilizoea kutopanda basi la usiku, kwa sababu kukaa saa nane katika kiti bila kunyoosha miguu kulikuwa ni adhabu. Nilizoea kutembea barazani usiku kwa mkongojo, nikihesabu hatua, hata mke wangu akanifanyia utani, "Baba Neema, kwa hatua hizo usiku huu ungekwisha kufika Morogoro na kurudi." Alikuwa akicheka, lakini naye alikuwa halali. Maana maradhi haya hayamwamshi mtu mmoja tu kitandani. Na uchovu wa MS ukiujumlisha na usiku usio na usingizi, mtu huamka akiwa hana mwili wa kuutumia mchana.

Kisha nikampata daktari kijana, binti wa umri wa mwanangu. Aliniamkia, nikaitikia, akavuta kiti akakaa. Akaniuliza, "Mzee, ukisimama ukatembea, inaondoka?"

Nikamjibu, "Inaondoka, daktari."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi haipo."

"Na pale misuli inapokakamaa, ni jambo lile lile?"

Nikasema hapana, mkakamao naujua, huo huukaza mguu kama ubao hata nisiweze kuukunja, na kutembea hakuuondoi. Hii nyingine inautaka mguu uende.

Akasema, "Basi ni mambo mawili, mzee. Naomba tupime akiba yako ya chuma."

Hakupima wingi wa damu peke yake, maana huo ulikuwa umepimwa mara nyingi na ulikuwa wa kawaida. Alipima kitu kiitwacho feritini, ambacho huonyesha akiba iliyowekwa ghalani. Ghala langu lilikuwa karibu tupu. Ni maneno ya Nordlander yale yale, ya mwaka 1953, yamenifikia mimi katika chumba cha daktari Tanzania. Akanipa vidonge vya chuma kwa miezi kadhaa, akaniagiza nisinywe chai pamoja na mlo wala pamoja na vidonge, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Akaomba kuziona dawa zangu zote, moja moja, hata zile za dukani, akaikuta dawa ya mafua ya kulevya usingizi niliyokuwa nikimeza jioni nikidhani inanisaidia kulala. Akasema dawa za jamii hiyo huyachochea maradhi haya. Nikaiacha.

Sikupona, ndugu msikilizaji. MS yangu ipo, na miguu bado huja. Ila badala ya usiku sita katika wiki, sasa huja usiku mmoja au miwili. Wale wenye kulala usingizi wao wote wanaweza kuona hilo ni jambo dogo. Mimi nimerudi kusoma vitabu mchana, na mama Neema amerudi kulala.

Nasikia mtu akiuliza, je, haya si maradhi ya Wazungu? Uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta watu wachache mno wenye miguu isiyotulia, wachache kuliko ilivyo Ulaya kwa mbali sana. Matokeo hayo nayaheshimu. Lakini wachache si sawa na hakuna. Na katika nchi ambamo minyoo ya safura, malaria na uzazi wa mfululizo hula akiba ya chuma ya watu wengi, hasa ya akina mama, daktari anayeuliza maswali manne hapotezi muda wake. Nasi tunaoulizwa tuna wajibu wetu. Mara nyingi tukihisi kitu kinatambaa miguuni usiku tunasema ni baridi ya mifupa, au jini, au mkono wa mtu. Ukienda hospitali na maneno hayo, daktari atashindwa kuyaweka mahali pake. Ukienda na maneno ya Ekbom, yaani huanza lini, huzidi lini, hupungua nikifanya nini, umemrahisishia nusu ya kazi.

Basi nina mambo machache ya kuwaomba wenzangu wenye MS, na wenye kuwauguza.

La kwanza, msikubali kila kitu kitiwe katika jina moja. Andikeni, kama alivyoandika d'Este. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Andika saa, andika ulichokula na dawa uliyomeza, andika ulichohisi na kilichokupa nafuu. Tofautisheni ganzi na mkakamao, na mkakamao na hamu ya kutembea, maana kila kimoja kina tiba yake.

La pili, ombeni kupimwa feritini. Msinunue vidonge vya chuma na kuvimeza kwa kukisia, kwa sababu chuma kikizidi mwilini huharibu ini na viungo vingine. Pima kwanza, meza baadaye, kwa maelekezo ya daktari.

La tatu, pelekeni dawa zenu zote mbele ya daktari. Baadhi ya dawa za mzio, za kutapika, na za kuondoa huzuni huweza kuizidisha hali hii, nasi wenye MS hupewa dawa za huzuni mara kwa mara. Msiziache wenyewe kwa ghafla. Ulizeni.

La nne ni kwa usiku wenyewe. Mimi husaidiwa na kukanda miundi, kuinyoosha miguu kabla ya kulala, na kukioga kiungo kwa maji, ya vuguvugu au ya baridi kadiri mtu anavyojijua. Wenye MS tuwe na tahadhari na maji ya moto sana, kwa kuwa joto hutuzidishia udhaifu. Na anayeamka kutembea gizani huku miguu haina nguvu aweke taa karibu na mkongojo karibu zaidi, asije akaikimbia adhabu ya kitandani akavunjika nyonga mlangoni.

Kwa matabibu wetu, ambao nawajua wana foleni ndefu na dakika chache, ombi langu ni moja. Willis hakuwa na darubini ya kuonyesha ubongo ulio hai, hakuwa na MRI, wala hakujua dopamini ni nini. Na nadharia yake ilikuwa na kasoro kubwa. Lakini bibi yule alipomwambia kwamba usiku ni mateso, aliandika kwamba usiku ni mateso. Wittmaack na Beard walikuja miaka mia mbili baadaye wakiwa na elimu zaidi, wakamsadiki mgonjwa kidogo zaidi, na maarifa yakakaa pale pale mpaka Ekbom alipovuta kiti akauliza.

Maswali ni manne. Kuyauliza kunachukua dakika mbili. Nawatakia nyote usiku wa kulala.